Mwaka Nyanya za Stoilka Zilipooza Vitako

Watu wa kijiji cha Dolna Krusha husema Stoilka hana makalio ya kukalia. Mpe kiti, atakipanda afute utando wa buibui darini. Mpe kahawa, ataimaliza amesimama, mkono kiunoni, macho dirishani, na kabla hujamaliza kumuuliza hali, kikombe kimeshaoshwa na kufunikwa. Ndivyo alivyoumbwa, na waliojaribu kumtuliza wamechoka wao. Asubuhi alipika supu ya watoto wa chekechea. Mchana alirudi nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia, akatupa aproni ya kazini, akafunga ya nyumbani, akaingia bustanini. Na kiangazi hicho ninachokisimulia, hata ule usingizi mdogo aliozoea kuuiba kivulini baada ya chakula ulimkataa kabisa.

Sababu ni mume. Alikuwa amerudi.

Utaniuliza, sasa mume kurudi kwake ni balaa gani? Ngoja basi. Velizar aliondoka binti yao Rositsa akiwa anajifunza kusoma, na sasa Rositsa ameolewa mjini Sofia na ana mimba. Miaka yote hiyo yu Italia, kule kusini, anachuma nyanya za kiwandani. Msimu wa nyanya ndio msimu wa kazi, kwa hiyo kila kiangazi mgongo wake ulikuwa umepinda katika mashamba ya watu. Nyumbani alikuja Krismasi. Alikula nyanya za mkewe kutoka kwenye chupa za akiba, akasema tamu, akasaidia kuchinja nguruwe, akaondoka theluji ikiwa bado juu ya mapaa. Yaani mtu kachuma nyanya za kulisha nusu ya dunia, na ile nyanya ya rangi ya waridi ya nyumbani kwake, nzito hata huishiki kwa mkono mmoja, hajaionja mbichi tangu ujana.

Masika ya mwaka huo alishuka na mizigo yote, akauinamia mlango mfupi wa nyumba kama mgeni, akasema mgongo unamuuma na huenda amemaliza na Italia. Huenda! Neno hilo ndilo lililomtoa Stoilka usingizini. Kwa sababu Kamen, yule mwenye basi dogo linalosomba vibarua, hakuacha kupiga simu. Basi linaondoka Jumapili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Iliya, mzee, nafasi yako ipo palepale dirishani. Na Velizar akamjibu, "Tutaona." Stoilka alikuwa anasugua sufuria, akasikia, akaisugua sufuria ile mpaka mikono ikamwasha.

Alitaka abaki. Lakini kusema? Mwanamke aliyepasua kuni zake mwenyewe, akapaka nyumba chokaa mwenyewe, akamzika mama mkwe wake peke yake huku mume yuko njiani, mwanamke huyo hawezi kufungua mdomo akamwambia mtu "baki." Badala yake alijiwekea kitu moyoni: Velizar akila nyanya ya kwanza ya bustani hii, ya moto kutoka juani, na kitunguu na jibini nyeupe, hatapanda basi. Upuuzi? Ni upuuzi, nani kabisha. Lakini mtu akishaufuga upuuzi wake moyoni, nani atamwondolea?

Kwa hiyo nyanya zile zilitunzwa kuliko mtoto mchanga. Na sumu haikuingia pale. Stoilka alikuwa na sheria moja tu bustanini, na kijiji kizima kiliijua: hapapuliziwi kitu cha dukani. Hata mrututu, ule unga wa bluu ambao wazee wote wanaupulizia mizabibu, aliukataa. Samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, majani yawashayo yaliyolowekwa kwenye pipa mpaka yananuka hata paka hapiti, hayo ndiyo yaliyokuwa duka lake la dawa.

Mvua za mwanzo wa kiangazi zilipoleta madoa machache kwenye majani ya chini, jirani yake Zdravka aliegemea ua na kisahani chake cha mbegu za alizeti za kutafuna.

"Shoga, ukungu huo. Mama yangu alikuwa anapulizia maji ya maziwa. Yale yanayobaki mtu akitengeneza jibini. Ukungu unakimbia mbio."

"Nitapita kwa Bogomil nimwombe," alisema Stoilka, huku anakata majani yenye madoa na kuyatia kwenye ndoo. Bogomil ni mtengeneza jibini wa pale kijijini, mtu mwema, mzito wa kusikia. Lakini Stoilka hakupita, maana jua lilitoka, madoa yakakoma, akasahau. Velizar alikuwa barazani ananoa kisu. Alisikia yote na hakusema kitu.

Aseme nini? Siku zile alikuwa ameshajifunza kunyamaza. Alipochukua jembe, Stoilka alisema, "Acha, acha, nitafanya mwenyewe, wewe una mgongo." Alipofunga mche kwenye kijiti, Stoilka alipita nyuma yake akaufungua, akaufunga upya kwa fundo lake. Alipoosha sahani, mkewe aliiosha tena. Hakuwa na ubaya, Mungu shahidi. Mikono yake ilikuwa imezoea kutongojea mtu. Zdravka aliliona hilo, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Huyu wako ana miezi mitatu, shoga, jembe utampa lini?"

"Chunga vitunguu vyako wewe," alijibu Stoilka.

Basi, ndipo maradhi yenyewe yalipoanza. Siku moja alirudi kutoka chekechea akakuta miche ya mwanzo wa mstari, iliyo karibu na mlango wa bustani, imelegea kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Akachimba udongo kwa kidole. Umelowa. Sasa mche umelowa miguuni, unanyauka kichwani? Akasema labda maji yamezidi, mizizi inakosa pumzi. Akazuia maji. Kesho yake kingo za majani zikakauka rangi ya kahawia, kana kwamba mtu kazipitisha juu ya moto. Akasema basi ni ukame, nimekosea. Akarudisha maji. Majani yakaendelea kuungua. Na zile nyanya za kwanza, zilizokuwa zimeshafikia ukubwa wa ngumi na kuanza kuwa nyeupe kabla ya waridi, akazigeuza moja moja, akakuta kila moja ina kitako cheusi, kilichobonyea, kigumu kama ngozi ya kiatu.

Alichuma zile mbovu akazitupia kuku haraka, Velizar asizione. Kama vile Velizar ni mgeni wa heshima na chakula kimeungua jikoni.

Kitako cheusi alikijua. Mche umekosa chokaa, au unanyweshwa leo unanyimwa kesho. Akamwomba kila mtu pale chekechea maganda ya mayai, akayakausha kwenye tanuri, akayatwanga kwenye kinu mpaka vumbi jeupe likamwingia puani, akayafukia kwenye shina moja moja. Hakuna. Akaongeza majivu. Hakuna, ikawa afadhali ya jana. Akatandaza nyasi kavu ili udongo usikauke. Akachunguza chini ya majani akitafuta vidudu, akang'oa mche mmoja mzima, akapasua shina lake kutafuta mstari wa kahawia ule wa ugonjwa wa mnyauko. Shina lilikuwa safi, kijani, zima. Akakaa akilitazama. Sikatai, hapo alikaa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, lakini alikaa muda wa mtu kufunga kamba za viatu tu, akainuka.

"Hii si bure," alisema Zdravka uani. "Kuna mtu kakutupia jicho."

"Nani ana nafasi ya kunitupia jicho mimi?"

"Mwaka jana mimi mwenyewe nilizitazama sana nyanya zako. Nakwambia ukweli, nilizitamani mpaka mate yakanitoka. Samahani lakini."

Stoilka alicheka kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, halafu, alipohakikisha hakuna anayemwona, akafunga uzi mwekundu kwenye mche wa kwanza. Mtu akihangaika hachagui.

Kitu kimoja kilimsumbua zaidi. Miche ya mwisho wa mstari, ile ya chini ya mti wa plamu, ilikuwa mizima. Majani mapana, nyanya safi, kitako kama cha mtoto. Udongo uleule, samadi ileile, jua lilelile. Na jambo jingine: konokono wale wasio na gamba, ambao kila mwaka walimlia jasho lake, mwaka huo hawaonekani mwanzo wa mstari hata mmoja. Magugu nayo yameungua. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia, likakaa. Mnyauko hauchagui upande. Ukungu haufukuzi konokono. Hii ni kazi ya mkono wa mtu.

Na mtu aliyebaki nyumbani asubuhi yote, yeye akiwa chekechea, ni mmoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Velizar katoka kwenye mashamba ambako ndege ndogo za kupulizia sumu huruka juu ya vichwa vya watu. Katoka na kikohozi kifuani na chupa gani sijui kwenye begi. Akapekua banda. Akanusa ndoo. Akanusa majani, akanusa hadi kofia ya mumewe, mwanamke wa watu, anainusa kofia kama mbwa wa polisi. Hakukuta kitu ila harufu ya maziwa, na maziwa katika nyumba yenye mbuzi si habari.

Walipokuwa mezani wanakula maharage, hakuweza kuvumilia.

"Umepulizia nyanya zangu?"

Velizar aliweka kijiko chini. "Nini?"

"Sumu. Hiyo ya Italia. Niambie tu, sitapiga kelele."

"Tayari unapiga kelele."

"Velizar!"

"Sijapulizia sumu," alisema, akamtazama usoni. "Naapa kwa Rositsa na kwa huyo aliye tumboni mwake. Najua sheria yako. Mimi sumu nimeivuta miaka mingapi, unadhani nitaileta kwangu?"

Hakuwa anadanganya, na Stoilka aliliona hilo. Lakini aliona pia kwamba masikio yake yamekuwa mekundu, na Velizar akaondoka mezani bila kumalizia maharage. Simu yake ilipolia uani ilikuwa ya Kamen tena, na safari hii hakusema "tutaona." Alisikiliza tu, muda mrefu.

Sikukuu ya Mtakatifu Iliya ikaja ikapita. Majirani walikata nyanya zao za kwanza, Zdravka akaleta sahani, Stoilka akaipokea kwa tabasamu la kubandika, akaificha kabatini nyuma ya mkate. Si nyanya ya jirani ambayo angemlisha mumewe. Afe kwanza.

Jumamosi yake, mchana, alikuwa anaanika shuka aliposikia kuku wanapiga makelele. Mbuzi wao, Belka, jike mmoja mweupe mwenye akili za kishetani, alikuwa amesukuma mlango wa bustani. Stoilka akatupa shuka, akakimbia na fimbo, tayari kuona kilichobaki cha nyanya zake kikiwa mdomoni mwa mbuzi. Akasimama ghafla.

Belka hakuwa anakula majani. Alikuwa amepiga magoti ya mbele, kaisukuma ile nyasi kavu kando kwa pua, na analamba udongo. Analamba kwa raha, amefumba macho, anahama kutoka shina hadi shina, ulimi unatoka na kuingia. Stoilka alimfukuza kwa teke. Mbuzi akaruka pembeni, akarudi, akalamba tena.

Stoilka akapiga magoti palepale alipokuwa mbuzi. Sasa aliona, chini ya ile nyasi, ganda jembamba jeupe juu ya udongo, ambalo alilidhania ni majivu yake na mayai yake. Akachukua kidogo kwa kidole, akaweka ulimini.

Chumvi.

"Velizar!" Sauti ile ilisikika hadi kanisani. "Velizar, njoo hapa!"

Alikuja mbio, akidhani mkewe kaumwa na nyoka. Stoilka alimnyoshea kiganja cha udongo.

"Onja."

"Nionje nini?"

"Onja, nakwambia!"

Velizar hakuonja. Alimtazama mbuzi, akautazama udongo, na uso wake ukaporomoka kidogokidogo, kama mtu anayehesabu na hesabu inagoma.

"Ni maji ya jibini," alisema. "Ya Bogomil. Uliposema na Zdravka, nikasikia yanafukuza ukungu. Nikaenda kumwomba. Anayamwaga tu, kila akimaliza debe. Nilikuwa namimina asubuhi ukiondoka, nikianzia hapa mlangoni. Ndoo ilikuwa inaisha kabla ya kufika kwenye plamu."

"Debe?" Stoilka alishika kichwa. "Ya kwenye debe? Yale linamohifadhiwa jibini?"

"Si ndiyo hayo hayo? Maziwa ni maziwa."

"Maziwa ni maziwa! Ee Mama wa Mungu! Ni yale yanayochuruzika jibini likiwa changa, Velizar, yale matamu wanayopewa nguruwe! Haya ya debe ni chumvi tupu! Mtoto wa chekechea anajua!"

"Nilionja nikaona yana chumvi. Lakini mwaka ule niliokuwa Sisilia, karibu na bahari, walikuwa wananywesha nyanya maji ya chumvichumvi, na hizo ndizo zilikuwa tamu kuliko zote. Nikasema haitadhuru."

"Na zilipoanza kukauka?"

"Nikasema dawa haijatosha. Nikaongeza."

Angeweza kucheka. Mwaka mwingine, mtu mwingine, angecheka mpaka mbavu zimuume. Lakini alikuwa na majuma ya kutolala kichwani, na basi la Kamen kesho, na nyanya hakuna.

"Kwa nini hukuniuliza? Mdomo huna? Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize lini?" Sasa na yeye sauti ilimpanda, na Velizar sauti haimpandi. "Nikishika jembe, acha. Nikifunga kamba, acha. Nikiosha sahani unaiosha tena mbele ya macho yangu! Nikasema nifanye kitu kimoja katika nyumba hii. Kimoja tu. Uamke siku moja uone zimepona, ndipo nikwambie ni mimi."

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Stoilka hakunyamaza.

"Basi ungebaki hukohuko Italia! Wakati hupo vitu vilikuwa vinaota!"

Belka alilamba udongo. Zdravka, ambaye bila shaka alikuwa nyuma ya ua, hakutafuna hata mbegu moja.

"Sawa," alisema Velizar. Akaingia ndani, na baada ya kitambo Stoilka alimsikia anaongea kwenye simu, kwa upole, akiuliza basi linapita saa ngapi.

Jioni hiyo Stoilka alisugua jiko. Alisugua na dirisha lisilochafuka. Kila alipopita mlango wa chumba alimwona mumewe anakunja mashati, na kila alipopita alisema moyoni, nikirudi nitamwambia, na aliporudi alikuwa na kitambaa mkononi na kitu cha kufuta. Walilala kila mtu na ukuta wake.

Kulipopambazuka alikuwa kisimani. Maana kichwa chake kilikuwa kimeendelea kufanya kazi, hata moyo ukiwa umevunjika, kichwa cha Stoilka hakijui sikukuu. Jibini likizidi chumvi mtu anafanyaje? Analiloweka kwenye maji baridi, anamwaga, anatia mengine, anamwaga, mpaka linalika. Na udongo ni hivyohivyo. Kuumwagilia kidogo ni kuikoroga tu ile chumvi pale mizizi ilipo. Unataka maji mengi, mengi mno, yapite chini kabisa yaende nayo. Alifagia ile nyasi yote na ganda jeupe, akalitia kwenye toroli, akaanza kuvuta ndoo. Kisima kilikuwa kirefu na kamba ilimla viganja. Alimimina, udongo ukanywa, akarudi. Alimimina, akarudi. Jua lilipofika juu ya mti wa plamu alikuwa hajamaliza hata theluthi.

Honi ikalia mwisho wa barabara.

Velizar alitokea kwenye mlango wa bustani, begi begani, kavaa koti lake la safari.

"Nakwenda," alisema.

"Nimesikia honi," alisema Stoilka.

Ndicho alichosema! Jamani, mwanamke huyu! Velizar alisubiri kidogo, labda kwa ajili ya kitu kingine, na kitu kingine hakikuja. Akageuka. Stoilka akainua ndoo, akaimimina kwenye mche, nusu ya maji ikaenda kwenye viatu vyake. Akasikia mlango wa barabarani ukifungwa taratibu, kama anavyoufunga mtu asiyetaka kuamsha wengine. Akasikia sauti ya Kamen, "Lete begi, mzee." Akasikia vicheko vya vibarua.

Hajui aliiachaje bustani. Alijikuta barabarani, tope hadi magotini, nywele zimemwagika, ndoo tupu bado mkononi. Zdravka alikuwa mlangoni kwake. Madirisha yote ya basi yalikuwa na nyuso.

"Siwezi," alisema Stoilka.

"Huwezi nini, dada Stoilka?" aliuliza Kamen, begi la Velizar likiwa limeshafika juu ya basi.

"Nyamaza wewe, sisemi na wewe." Akamtazama mumewe. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka na hakukizuia. "Siwezi peke yangu. Kisima ni kirefu, mikono yangu imekwisha. Na si nyanya tu, Velizar. Nyanya zife zote! Nataka ubaki. Nilitaka tangu siku ile uliposhuka. Sikujua inasemwaje."

Kijiji chote kilikuwa kinasikia, na Stoilka alijua kinasikia. Yule mwanamke asiyewahi kumwomba mtu hata kiberiti.

"Ulisema ningebaki Italia," alisema Velizar.

"Nilisema. Nilisema kwa hasira, na nilisema uongo."

"Na nikigusa kitu utaniambia acha."

"Nitakwambia, nimezoea. Wewe usinisikilize."

Mmoja wa vibarua akapiga mluzi kutoka dirishani. "Mzee, unangoja nini? Mimi wangu akiniambia hivyo naruka kabla basi halijasimama!" Watu wakacheka. Kamen akatazama saa yake, akasema jamani, Italia ni mbali, anakuja au haji? Velizar alinyosha mkono juu, akalivuta begi lake kwa kamba yake, likamwangukia kifuani na karibu limwangushe.

Hakulipeleka hata ndani. Alilitundika na koti kwenye mti wa plamu, akachukua ndoo kwa mkewe, akateka maji. Mgongo ulimuuma, ilionekana wazi, lakini alibeba. Alipofika kwenye mche wa kwanza akainua ndoo hadi kifuani na kuyamwaga maji yote kwa mkupuo. Yalishuka kama mfereji wa paa. Udongo uliruka pande zote, na mizizi myembamba nyeupe ya nyanya ikabaki wazi juani.

Stoilka alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi. Akaufunga mdomo, akageuka, akaenda kisimani na ndoo ya pili. Aliporudi, mumewe alikuwa ameshafika mche wa nne, na mizizi ya yote minne iko nje.

"Hivi ni sawa?" aliuliza Velizar, anahema, jasho linamdondoka puani.

"Sawa," alisema Stoilka.

Haikuwa sawa hata kidogo. Akamwekea ndoo iliyojaa karibu na mguu wake, akapiga magoti nyuma yake, akaanza kuifukia mizizi kwa viganja, mche mmoja baada ya mwingine.